Kutoka kwenye kopo hadi kwenye punje: jinsi ya kugeuza maelekezo ya bia ya nyumbani

Wiki chache zilizopita jamaa yangu wa Mzenga, kule Kisarawe, alinitumia picha kwenye WhatsApp. Ilikuwa karatasi ya maelekezo ya kutengeneza bia nyumbani, aliyopewa na shemeji yake anayeishi Uingereza. "Makopo mawili ya rojo la kimea, kila moja kilo 1.5. Maji hadi kutimia lita 20. Hopsi gramu 40. Hamira paketi moja." Chini yake akaandika: "Kaka, hili kopo Kariakoo nitalipata?"

Nikamjibu kwa swali. "Nyumbani kwenu togwa anapika nani?"

"Bibi."

"Basi kopo unalo."

Alidhani namtania. Sikuwa namtania, na makala hii ndiyo maelezo marefu niliyomuahidi. Kama hunywi pombe, usiondoke. Robo tatu ya mambo yaliyomo humu yanahusu togwa na uji kuliko yanavyohusu bia.

Ndani ya kopo kuna nini?

Tuanze na jambo moja ambalo ukilielewa mengine yote yananyooka: hamira hula sukari, haili wanga. Punje ya mtama, ulezi au shayiri imejaa wanga. Ukisaga mtama, ukachanganya na maji na hamira, utasubiri sana.

Mtu wa kati anayehitajika ni kimea, yaani punje iliyooteshwa kisha ikakaushwa. Punje inapoanza kuota inatengeneza vimeng'enya vya kukatakata wanga kuwa sukari, kwa sababu mche mchanga nao unahitaji chakula. Sisi tunamkatiza njiani: tunakausha punje wakati vimeng'enya viko tayari na wanga bado haujaliwa.

Kiwandani wanachukua kimea cha shayiri, wanakisaga, wanakichanganya na maji ya moto kwa joto maalumu, wanga unageuka sukari, wanachuja, halafu wanavukiza maji hadi libaki rojo zito kama asali. Hilo ndilo wanatia kwenye kopo. Wakilikausha kabisa linakuwa unga. Kwa hiyo kopo ni kazi ambayo mtu mwingine ameshakufanyia. Ukilitoa kwenye maelekezo na kuweka punje, kazi hiyo inarudi mikononi mwako.

Watu wa Pwani wanaijua tofauti hii bila kuiita jina. Mgema wa tembo la mnazi haoteshi punje yoyote. Utomvu unashuka ukiwa na sukari tayari, na hamira za hewani na za kwenye chombo zinaanza kazi saa hiyo hiyo. Mabibo ni vilevile, na ulanzi wa Iringa ni vilevile. Lakini mpika komoni anaanza na wanga, hivyo lazima awe na kimea. Mbege ya Kilimanjaro imesimama katikati: ndizi zinaleta sukari, na kimea cha ulezi kinaongezwa. Maelekezo ya kopo ni ya upande wa mgema. Tunataka kuyahamishia upande wa mpika komoni.

Hesabu: kopo moja ni sawa na kilo ngapi za kimea?

Sukari iliyoyeyuka kwenye maji hupimwa kwa hidromita, kile kifaa cha kioo kinachoelea. Maji matupu husoma 1.000. Maji matamu yakisoma 1.046, tunasema yana pointi 46. Sasa jiulize: kilo 1 ya kitu fulani, sukari yake ikiwa katika lita 1 ya maji matamu, inatoa pointi ngapi? Hizi hapa, kwa kukadiria:

Rojo la kopo: 305.
Unga wa rojo lililokaushwa: 370.
Kimea cha shayiri: 300, kikikamuliwa chote maabara.

Neno zito hapo ni "maabara". Nyumbani hukamui vyote. Sukari nyingine inabaki kwenye makapi, wanga mwingine hauvunjiki. Ukipata asilimia 70 umefanya vizuri, kwa hiyo hesabu kimea chako kwa pointi 210, si 300.

Turudi kwenye karatasi ya jamaa. Kilo 3 za rojo mara 305 ni pointi 915. Gawanya kwa lita 20, unapata karibu 46, yaani hidromita itasoma 1.046. Hiyo ndiyo bia aliyokusudia shemeji. Kuipata kwa kimea: 915 gawanya kwa 210, sawa na kilo 4.4.

Ukitaka njia ya mkato, zidisha kilo za rojo kwa 1.45. Kama maelekezo yanataja unga, zidisha kwa 1.76. Wengi hukosea hapa: wanasikia "rojo limetokana na kimea" wanabadilisha kilo kwa kilo, halafu wanashangaa bia imekuwa maji. Na kama karatasi inataja pia kimea kidogo cha kukaangwa kwa ajili ya rangi na ladha, hicho usikiguse. Uzito wake unabaki uleule.

Asilimia 70 si amri. Mara ya kwanza pima ulichopata. Tuseme umetumia kilo 4.4, ukapata lita 20 zenye pointi 40. Ulichovuna ni 800. Ulichoweza kuvuna ni 4.4 mara 300, yaani 1,320. Ufanisi wako ni asilimia 61. Mara ya pili tumia 61 badala ya 70, utaona kwamba unahitaji kilo 5. Namba hiyo ni ya kwako na vyombo vyako, na hakuna kitabu kitakachokupa.

Joto: hapa ndipo mambo yanapoharibika

Kimea kina vimeng'enya viwili vikubwa vya kukata wanga. Amilesi beta hukata vipande viwili viwili kuanzia mwishoni mwa mnyororo, na hutoa sukari ambayo hamira inaila yote. Huyu anapenda nyuzi 60 hadi 65, akizidishiwa joto anakufa mapema. Amilesi alfa anakata popote katikati ya mnyororo, anapenda nyuzi 68 hadi 72, na sehemu ya anachoacha hamira haiwezi kuila, hivyo bia inabaki nzito mdomoni. Ukikaa nyuzi 66 kwa saa moja, wote wawili wanafanya kazi pamoja. Ukipita 75, vimeng'enya vinaharibika na havirudi, hata ukipooza baadaye.

Maji unayomimina lazima yawe moto kuliko 66, kwa kuwa kimea kikavu kitayapooza. Kwa lita 3 za maji kwa kila kilo ya kimea, na kimea chenye joto la Mzenga la nyuzi 28 hivi, maji yanatakiwa kuwa nyuzi 71. Karatasi ya shemeji ingesema 73, maana jikoni kwake kuna baridi.

Huna kipimajoto? Changanya sehemu 3 za maji yanayochemka na sehemu 2 za maji ya kwenye ndoo. Hesabu yenyewe: mara tatu 100, jumlisha mara mbili 28, gawanya kwa tano. Unapata 71. Kwa kilo 4.4 ni lita 13: takribani lita 8 zilizochemka na lita 5 za kawaida. Sufuria nalo litakula joto kidogo, kwa hiyo lipashe kwanza kwa maji moto. Halafu funika, vungia mablanketi, liache saa nzima. Ila kipimajoto kikipatikana, kinunue. Ndicho kifaa cha kwanza kununua, kabla hata ya hidromita.

Utajuaje kwamba wanga umekwisha? Unakumbuka ile iodini ya kwenye baiolojia? Weka tone la maji yako kwenye kisahani cheupe, dondoshea iodini. Ikigeuka bluu-nyeusi, wanga bado upo, endelea kusubiri. Ikibaki na rangi yake ya kahawia, tayari. Kisahani hicho usikirudishe sufuriani.

Mtama na ulezi: bibi anaingia

Yote niliyosema hapo juu ni ya shayiri. Shayiri nchini hulimwa kwenye ubaridi wa kaskazini, kama Monduli na Karatu. Mzenga utapata mtama na mahindi, na ulezi utaununua sokoni. Na hapa ukifuata karatasi ya Ulaya neno kwa neno, itakuangusha.

Wanga ndani ya punje umekunjwa kama mkeka. Vimeng'enya haviufikii vizuri mpaka uvimbe na kufunguka kwa joto, kama unavyoona ugali unapoanza kushika. Wanga wa shayiri hufunguka kwenye nyuzi 60 na kitu, joto ambalo vimeng'enya bado viko hai. Wanga wa mtama hufunguka kuanzia karibu 68 mpaka 78. Umeona mtego? Joto la kuufungua ndilo linaloua vimeng'enya vya kuukata. Ukikaa 66, wanga bado umefungwa. Ukienda 78, wanga umefunguka lakini mkataji amekufa.

Sasa kumbuka togwa inavyopikwa. Bibi anapika uji kwanza, unachemka hadi unaiva. Anauepua. Anaupooza mpaka uwe vuguvugu, kidole kinavumilia. Ndipo anatia kimea. Hatii kimea kwenye uji unaochemka, na ukimuuliza atakwambia "utakiua". Baada ya muda uji mzito unalainika na kuwa mtamu bila sukari ya dukani. Ametenganisha kazi mbili zisizopatana: kufungua wanga kwa moto mkali, kisha kuukata kwa joto la wastani.

Sayansi hii si ya vinywaji tu. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania ilihimiza kimea kwenye uji wa watoto kwa sababu hiyohiyo: kimea kidogo kinalainisha uji mzito, hivyo mtoto mwenye tumbo dogo anapata unga mwingi zaidi katika kikombe kilekile.

Kwa bia ya kimea cha mtama kitupu, tunafanya hivyohivyo kwa hatua nne.

Kwanza, kadiria ufanisi wa asilimia 60, ili usije ukaaibika. 915 gawanya kwa 180 ni kilo 5.1 za kimea.

Pili, changanya kimea kilichosagwa na lita 13 za maji ya nyuzi 45 hivi (sehemu 1 ya maji yanayochemka kwa sehemu 3 za kawaida). Koroga, acha nusu saa kitulie. Maji ya juu yatakuwa na vimeng'enya vingi. Yachote taratibu, kama lita 5, uyaweke pembeni. Haya hayaguswi na moto.

Tatu, kilichobaki chini kichemshe dakika 20 hadi 30 kiwe uji. Koroga muda wote, kinaungua upesi.

Nne, pooza uji hadi nyuzi 80 hivi, kisha rudishia yale maji ya pembeni huku mwenzako akikoroga kwa nguvu. Mchanganyiko utatua karibu na 66. Funika, subiri saa moja hadi moja na nusu, pima kwa iodini.

Viwanda vina tatizo lilelile. Eagle Lager ya Uganda, iliyoanza kuuzwa 2002 kwa kutumia mtama wa aina ya Epuripur, ilionyesha kwamba bia ya mtama inaweza kukaa rafu moja na ya shayiri. Ila kiwanda kinaweza kununua vimeng'enya vilivyotengenezwa tayari. Wewe vya kwako viko kwenye lita 5 ulizoweka pembeni.

Na kwa nini togwa inachachuka kidogo na bia haitakiwi? Kwa sababu ya kidole cha bibi. Joto ambalo kidole kinavumilia haliui bakteria wa asidi ya maziwa waliokuja na kimea, na hao ndio wanaoleta uchachu. Bia inakaa 66, kisha inachemshwa saa nzima. Hawaponi.

Kuchuja, maji, hopsi na hamira

Punje ya shayiri ina ganda linalosaidia kuchuja. Mtama na ulezi havina, kwa hiyo uji unaziba kila kitu. Tumia mfuko wa kitambaa safi, au kifumbu kama cha tui, na changanya konzi kadhaa za maganda ya mpunga yaliyooshwa. Yanapatikana kwenye mashine za kukoboa, na watengeneza bia wa nyumbani wa Ulaya na Marekani hununua hayohayo kwa pesa.

Makapi yatabaki na maji kama lita 1 kwa kila kilo. Kuchemsha saa moja kutapoteza lita 3 au 4. Kwa hiyo kupata lita 20 anza na lita 29 au 30 kwa jumla: 13 za mwanzo, zilizobaki za kusuuzia makapi. Hilo sufuria dogo la kwenye karatasi halitatosha. Azima lile la pilau ya shughuli.

Hopsi: mtu wa kopo mara nyingi huchemsha rojo kwenye maji machache kisha anaongeza maji baridi. Wewe unachemsha yote, na kwenye maji mepesi uchungu wa hopsi hutoka vizuri zaidi. Punguza kama sehemu moja ya tano: gramu 40 ziwe 32.

Hamira nyingi za bia aina ya ale hupenda nyuzi 18 hadi 22, na Mzenga mara nyingi joto huzidi hapo. Weka ndoo ndani ya beseni la maji, ifunike kitambaa kinachonyonya maji hayo, utashusha nyuzi kadhaa. Au tafuta hamira za Norway ziitwazo kveik, ambazo hufurahia nyuzi 30 na zaidi.

Kopo lilikuwa linakukinga na nini?

Hii sehemu usiiruke. Kopo halikukufanyia kazi ya joto tu. Mtu fulani alikagua punje kabla yako. Sasa mkaguzi ni wewe.

La kwanza, mtama unaoota hutengeneza dhurini, kemikali inayotoa sianidi, ndugu wa ile ya mihogo michungu. Inajaa kwenye mizizi na machipukizi, si kwenye punje. Kwa hiyo: loweka siku moja huku ukibadilisha maji, otesha siku 3 hadi 5, anika juani hadi kikauke kabisa, kisha sugua kimea mikononi na upepete hadi mizizi na machipukizi yote yaondoke. Usikisage pamoja nayo kwa sababu tu yanaongeza uzito.

La pili ni ukungu. Kuotesha ni kuweka punje kwenye unyevu na joto kwa siku kadhaa, yaani starehe ya kila kuvu. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu kwenye mahindi. Na Januari 2015, huko Chitima, mkoa wa Tete, Msumbiji, watu 75 walifariki baada ya kunywa pombe ya kienyeji msibani. Wachunguzi waligundua asidi ya bongkreki, sumu ya bakteria aliyestawi kwenye unga wa mahindi ulioharibika. Yule mama aliyeipika naye alikuwa miongoni mwa waliokufa. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na unga mbovu.

Sumu hizi haziondoki kwa kuchemsha. Kuchemsha kunaua kiumbe, sumu aliyokwisha kuitoa inabaki. Kwa hiyo kimea chenye madoa ya kijani au meusi, chenye harufu ya uvundo, au unga ulioloa mvua, hakiendi sufuriani. Usimpe hata kuku. Kimwage. Hasara ya kilo 5 za mtama inauma, lakini ndiyo bei ya kuwa mkaguzi.

Na la kisheria: kunywa na wenzako nyumbani ni jambo moja, kuuza kunahitaji leseni. Na aliye chini ya miaka 18 aishie kwenye togwa.

Jamaa yangu hakuanza na lita 20. Nilimshauri aanze na 5, yaani kilo 1.3 za kimea, ili akikosea akosee kidogo. Kimea ameotesha na bibi yake, na bibi ndiye aliyetupa nusu ya punje za kwanza kwa sababu, alisema, "hizi zinanuka kisima". Jamaa alinung'unika. Mimi nilimwambia apime hidromita, aandike namba, na bibi asiondoke jikoni.